Kwa Nini Mwanza Si Msitu: Mvua, Kiangazi na Uoto wa Dunia

Mwadila, ndugu zangu. Walimu mlioleta wanafunzi wenu, nawashukuru. Wazee wetu, karibuni mbele, viti bado vipo.

Fungueni ramani kwenye simu zenu, mweke kidole Mwanza. Tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Sasa sogezeni kidole moja kwa moja kuelekea magharibi, mpite Kongo, mvuke bahari ya Atlantiki, mpaka Brazili. Karibu na mstari huohuo, nyuzi 3 kusini, mtakuta mji wa Manaus. Jua linalowawakia wao ndilo linalotuwakia sisi. Lakini Manaus iko katikati ya msitu wa Amazon, miti mirefu imefungamana hadi jua halifiki chini. Sisi tuna majabali, nyasi, migunga na mashamba ya mihogo. Kwa nini?

Wengi mtanijibu: mvua. Ni kweli. Manaus hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza hupata takribani 1,000. Ila nendeni London. Kule hunyesha takribani milimita 600 tu, na shamba likiachwa miaka mingi bila kulimwa wala kulishwa mifugo, miti hurudi yenyewe. Mvua yao ni pungufu ya yetu, na msitu wanao. Basi jumla ya mvua peke yake haitoshi kutueleza jambo hili. Kuna joto, maana kwenye baridi maji hukauka polepole na kidogo hutosha. Na kuna mgawanyo. London hunyesha kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi. Hapa kwetu inakuja vuli, inakuja masika, halafu kuanzia Juni mbingu zinafunga. Mtu akilipwa mshahara wa mwaka mzima mwezi Aprili, tunajua Agosti atakuwaje.

Mtaalamu wa hali ya hewa Wladimir Köppen, aliyezaliwa Urusi na kufanya kazi Ujerumani, alilielewa hili mapema. Zama zake vituo vya kupimia mvua vilikuwa vichache, kwa hiyo aliichukua mimea yenyewe kuwa kipimo. Pale uoto unapobadilika, akasema, ndipo tabianchi inapobadilika. Mpango wake wa mwaka 1900, uliorekebishwa baadaye, bado unafundishwa. Katika mpango huo, tabianchi ya msitu wa mvua ni ile ambayo hata mwezi mkavu kuliko yote hupata angalau milimita 60. Manaus huteleza kidogo chini ya hapo mwezi Agosti, lakini mvua ya miezi iliyotangulia bado imo ardhini na mizizi mirefu inaifikia. Julai ya Mwanza mara nyingi haifiki hata milimita 20. Kwa hiyo herufi tunazopewa katika mpango wake ni Aw: savana.

Kwa dunia nzima nitapita haraka, kwa sababu vijana mna vitabu vyake. Jua hupasha hewa kwenye ikweta, hewa hiyo hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Ikishakauka husafiri juu kwa juu na kushuka karibu na nyuzi 30 kaskazini na kusini, na hewa inayoshuka haileti mawingu. Hapo ndipo ilipo Sahara, na sehemu kubwa ya Australia. Cape Town mvua huja kipupwe na kiangazi ni kikavu, hivyo utakuta vichaka vyenye majani magumu. Mbele zaidi kaskazini kuna misitu inayopukutisha majani, kisha misonobari ya Siberia, kisha tundra, ambako ardhi ya chini imeganda mwaka mzima na mti hauna pa kuzamisha mzizi.

Sasa turudi nyumbani, maana nyumbani ndiko kwenye ajabu. Kwa kanuni niliyowaeleza, nasi wa ikweta tulipaswa kuwa na msitu. Afrika Mashariki imevunja kanuni. Kaskazi na kusi, pepo ambazo jahazi za pwani zilizitegemea karne nyingi, kwa sehemu kubwa hupita sambamba na pwani badala ya kuingia bara na mvuke wake. Na unyevu wa Kongo unaotoka magharibi hukutana na milima ya Bonde la Ufa kabla ya kutufikia.

Halafu kuna ziwa, Victoria. Ziwa letu linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unatoka ziwani; usiku upepo unageuka, hewa ya pande zote inakutana katikati ya maji, na radi zinaanza. Wavuvi wa dagaa hawahitaji mhadhiri kuwaambia hilo, wamezika ndugu zao kwa dhoruba hizo. Na kwa kuwa upepo mkuu hutoka mashariki, mvuke mwingi husukumwa ng'ambo. Bukoba hupata karibu mara mbili ya mvua yetu, na mkoani Kagera kuna msitu wa Minziro. Ziwa ni moja, pande ni mbili, na uoto hauko sawa.

Hata hivyo mvua haisemi yote. Katika savana za Afrika, mvua ikiwa chini ya takribani milimita 650, mvua ndiyo inayoweka kikomo cha miti. Ikizidi hapo, kama kwetu, mwamuzi anakuwa moto pamoja na midomo ya wanyama. Uhai wa nyasi uko chini ya ardhi. Moto ukipita Agosti, nyasi hurudi Novemba, lakini mche wa mti umeshaungua. Serengeti imetuonyesha hili waziwazi. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza pia wanyamapori, iliangamiza nyumbu mwishoni mwa karne ya 19. Chanjo ya ng'ombe ilipofanikiwa, nyumbu wakaongezeka kutoka takribani laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi, moto ukapungua, miche ya migunga ikapona. Sindano ya ng'ombe ilibadilisha miti ya porini!

Ndiyo maana naumia ninaposikia uwanda wa nyasi ukiitwa msitu ulioharibika. Mlima uliokatwa miti, tuupandie. Lakini mbuga ya nyasi iliyokuwepo kabla ya babu zetu haina ugonjwa wa kutibiwa. Ukiijaza mikaratusi, utakausha visima na utawanyang'anya ng'ombe malisho.

Tazameni Shinyanga, yenye mvua kidogo kuliko yetu. Mapori yake yalifyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hadi watu wakaanza kuiita jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986, na kilichofanya kazi kuliko miche ya vitaluni ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Visiki vilivyokuwa hai ardhini vilichipua vyenyewe, migunga ikarudi pamoja na nyasi chini yake, kwa kiasi ambacho mvua ya Shinyanga inaweza kukilisha.

Mipaka hii yote huhama tabianchi inapohama. Takribani miaka 17,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Watafiti waliotoboa tope la kitako chake walikuta chini yake udongo wa nchi kavu. Mvua iliporudi, maji yalijaa, na chavua iliyohifadhiwa kwenye tope inaonyesha misitu ikisogea karibu na ufuko. Leo joto linapanda kwa kasi kubwa kuliko wakati ule, na kinachonishughulisha kwa Mwanza ni urefu wa kiangazi kuliko jumla ya mvua. Vuli ikichelewa mwezi mmoja, jumla ya mwaka inaweza kubaki ileile huku miche, visima na malisho vikiwa vimeshakauka.

Mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja moto. Tuanze na swali lako, mama.