Kijana wa malezi ya kambo akiwa mkufunzi: msimwite kuja kulia

Haya, habari zenu huko nyumbani. Leo tunaongelea kazi moja ya huku California: vijana waliokulia malezi ya kambo, yaani walioondolewa kwao na serikali wakalelewa na familia nyingine au kwenye makao ya watoto, wanaowafundisha maafisa ustawi wa jamii. Sisemi kutoa ushuhuda. Nasema kufundisha, kwa mkataba na kwa malipo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huku waliokilalia walijipanga mapema. Chama chao, California Youth Connection, kipo tangu 1988. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Y.O.U.T.H. Training Project, chini ya San Francisco State University, ukawashirikisha vijana kuandaa mafunzo na kuyafundisha wenyewe. Kuhusu fedha, serikali kuu ya Marekani, kupitia Title IV-E, sehemu ya sheria inayogharamia malezi ya kambo, huyarudishia majimbo hadi asilimia 75 ya gharama za mafunzo yanayokubalika. Kwa hiyo ofisi ikisema haina hela ya kijana, uliza yule mkufunzi mwenye shahada analipwa kutoka fungu gani.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili. Kijana anaitwa saa kumi jioni, siku ya mwisho ya semina, anapewa dakika 15 aeleze mateso yake. Watu wanatoa leso, wanapiga makofi, wanawahi magari. Jumatatu afisa yuko ofisini na hajui afanye nini tofauti.

Simulizi ifungwe kwenye ujuzi mmoja. Chukua mada ya kumhamisha mtoto. Huku watoto wengi wamehamishwa nguo zao zikiwa kwenye mifuko ya taka. Basi mpe kila mshiriki vikaratasi 10 na mfuko mmoja wa taka, aandike vitu ambavyo hataki kuviacha nyumbani, kwa dakika 5. Kijana apite, achukue vikaratasi vitano kwa kila mtu bila kueleza chochote. Watalalamika, waacheni. Ndipo kijana azungumze dakika tatu tu, kisha aulize: mtoto alitakiwa kuambiwa nini, na nani, lini? Majibu yapande ubaoni, na kila afisa aondoke na orodha ya siku ya kuhama aliyoiandika kwa mkono wake.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda. Kijana agawe mambo ya maisha yake kwa rangi za taa za barabarani. Kijani anaweza kumwambia yeyote, njano inategemea chumba na siku, nyekundu haitoki hata mkubwa wa idara akiuliza. Habari za mdogo wake au mama yake mzazi ziwe nyekundu, maana siri hizo si zake peke yake. Simu zisirekodi, video ya kijana wa miaka 19 bado itakuwepo akiwa anaomba kazi na miaka 30.

Wafundishe wawili wawili, wakiwa wamekubaliana ishara ya "nipokee". Maswali yaje kwa karatasi, mwenzake ayachuje, kwa sababu kila semina ina mtu wa kuuliza, "Ulibakwa na nani?" Halafu orodha ya washiriki imfikie kijana wiki moja kabla. Huenda afisa aliyemtoa kwao yumo humo, kiti cha mbele, na kikombe chake cha chai.

Malipo yawe sawa na ya mkufunzi mwingine, saa za maandalizi zikiwemo. Nauli itangulie. Ukimwambia kijana asiye na akiba ajilipie, arudishiwe baada ya siku 45, umemkopa. Na huku kuna faida ya ziada: California inaruhusu kijana kubaki kwenye malezi hadi miaka 21, na kufanya kazi angalau saa 80 kwa mwezi ni mojawapo ya masharti matano yanayomwezesha kubaki.

Baada ya kipindi, mtu mzima anayemwamini akae naye nusu saa, kesho yake ampigie. Hili hurukwa sana, na ndipo vijana wanapopotea wasirudi tena.

Kijana ambaye bado anaishi kwenye makao ya watoto, msimpandishe jukwaani kuyaongelea makao hayo meneja akiwa anasikiliza. Usiku atarudi kulala kwa nani? Ashiriki kuandika mada, bila jina.

Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makaoni warudi kwenye familia, na kuna Kenya Society of Care Leavers, chama cha waliokulia makaoni. Watu wa kufundisha wapo. Tanzania, anzeni kidogo: vijana wawili, mada moja, dakika 90, tena asubuhi. Baada ya miezi mitatu fungueni mafaili ya watoto, mtafute ile orodha ya siku ya kuhama. Isipokuwemo, kipindi kiandikwe upya, na vijana walipwe tena kwa kukiandika.