Mapinduzi na Gazeti la Pili

Assalaam alaikum. Wazee wa maskani ya jirani naona mmeingia, karibuni mbele. Leo nazungumzia kwa nini serikali za mapinduzi huyafunga magazeti huru.

Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964, watu wa Unguja na Pemba walijuaje kwamba serikali imeanguka? Kwa redio. Kituo cha Raha Leo kilikuwa kimeshatekwa, na John Okello, kiongozi wa waasi, akawa anatoa amri na vitisho hewani, ilhali wengi wa waliomsikiliza hawakumjua ni nani. Aliyeingia madarakani kwa mlango huo hahitaji kufundishwa nguvu zake. Okello mwenyewe, kufika Machi, akazuiwa kurudi visiwani!

Tusiseme, hata hivyo, kwamba udhibiti wa habari ulizaliwa siku ile. Mwaka 1954 wakoloni waliwashitaki viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi, kisa makala za gazeti la Al-Falaq. Lakini zama za siasa, kabla ya mapinduzi, palikuwa na gazeti la Mwongozi, palikuwa na Afrika Kwetu, watu wakisomeana barazani na kubishana mpaka adhana. Baada ya mapinduzi magazeti ya aina hiyo yakatoweka.

Kwa nini? Wengi husema ni kuogopa maadui. Sababu hiyo imo, ila mimi naona si kubwa. Serikali ya kura ukiibishia itakuonesha masanduku. Hapa kwetu rais hakupigiwa kura mpaka 1980. Serikali ya mapinduzi ina hadithi tu: nani alipindua, kwa nini, kwa ajili ya nani. Hadithi hiyo ndiyo hati yake ya nyumba, na gazeti huru ni mtu anayebisha hodi na hati nyengine mkononi.

Ndiyo maana watawala wa namna hii, wakifunga magazeti, hawaishi kusema "kwa muda tu". Lenin alitia saini amri ya kufunga magazeti Novemba 1917, ikaandikwa kabisa kuwa ni ya muda, mambo yakitulia itaondolewa. Sheria ya kuondoa udhibiti Urusi ikaja 1990. Napoleon, Januari 1800, katika magazeti 73 ya Paris aliacha 13, akasingizia vita.

Na msidhani watawala hawa huchukia vyombo vya habari. Zanzibar ilifungua televisheni ya rangi 1973, Bara ikasubiri miaka ishirini na zaidi kupata televisheni ya aina yoyote. Pesa ya chombo ilikuwepo. Kilichokosa ruhusa ni sauti ya pili: gazeti la Dira lilipoanza kuwa hiyo sauti, likafungiwa Novemba 2003, vyama vingi vimesharudi.