Kama Aksum Isingeanguka

Ndugu waandishi, hadithi za historia mbadala, yaani za mambo ambayo yangetokea lau historia ingepinda, zikitajwa, wengi hukimbilia Roma. Leo nawapeleka Aksum, dola ya kale ya nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaitaja bandari yake, Adulis, kisha ukishuka kusini unaitaja Rhapta, mji wa biashara wa kale wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ni dola ya jirani.

Tazameni sarafu ya dhahabu ya Mfalme Ezana, wa karne ya 4. Ni ndogo, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Za mwanzo zina mwezi mwandamo; alipoingia Ukristo, akaweka msalaba. Lakini mfalme mwenyewe amezungukwa na masuke mawili ya nafaka, moja huku na moja huku. Nawasihi, anzieni kwenye masuke hayo.

Maana Aksum haikuangushwa na pigo moja la vita. Waajemi waliitwaa Yemen mnamo miaka ya 570, biashara ya Bahari ya Shamu ikaiponyoka, na watafiti wengi wanaamini ardhi nayo ilichoka: miti ilikatwa, mvua ikasomba udongo. Katika karne ya 7 sarafu zikaacha kupigwa. Basi ukiandika tu kwamba jeshi lilishinda, hujaiokoa dola, umeahirisha msiba. Nionyesheni mkulima anayejenga matuta ya mawe mlimani, na mkuu anayemtaka aendelee kukata kuni. Ugomvi wa wawili hao unatosha sura tatu.

Na msiipambe. Maandishi ya Ezana kwenye mawe yanahesabu mateka wa vita vyake. Dola ikidumu, na mateka wanadumu. Mmoja wao asimulie.

Kisha kuna mwaka 615. Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka, walihifadhiwa na Najashi, mfalme wa Aksum, naye akakataa kuwarudisha kwa Maquraishi, kabila kuu la Makka. Tuseme wajukuu zake wangali na Adulis iliyojaa meli, na dhahabu bado inapigwa sarafu. Wangeelewanaje na Madina? Karne kadhaa baadaye, jahazi la Kilwa likipandisha Bahari ya Shamu na shehena ya pembe, nahodha angelipa ushuru kwa nani, na kwa sarafu ya nani? Mwenye jibu aanze kuandika usiku huu, nami niko tayari kuusoma mswada wake.