Kisigino Hakiponi kwa Kulala

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wakimbiaji wenye umri wa miaka 50 na kuendelea)

Shikamooni wote mnaonizidi umri. Wengine, habari za asubuhi. Hapa mbele nawaona wale niliopishana nao alfajiri wakipandisha Mweka, na kule nyuma kabisa nimewaona wawili wameingia wakichechemea, wakajifanya wanatafuta kiti. Ninyi wawili ndio wageni rasmi wa leo. (Kicheko.)

Niliombwa nizungumzie majeraha ya mbio kwa watu wa rika letu. Magoti nayaacha, kiuno nakiacha. Leo nabaki na kisigino, kwa sababu msimu wa Kilimanjaro Marathoni ukipita, hicho ndicho kinacholeta wazee wengi mlangoni kwangu. Halafu kilinishika na mimi mwenyewe, na kati ya wagonjwa wote niliowahi kuwahudumia katika mazoezi tiba, mkaidi kuliko wote nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka 58. Nilikimbia nusu marathoni, ile inayopanda hadi Mweka kisha mnageuza. Kupanda nilipanda kwa adabu. Kuteremka nikajiachia, si unajua tena, migomba inakukimbia pembeni, watoto wanashangilia, unajiona una miaka 30. Siku hiyo sikusikia kitu. Kesho yake alfajiri natoka kitandani kwenda msalani, mguu wa kulia umekaza kama ubao. Nikaenda nimeshika ukuta. Kufika hatua ya kumi hivi, ukalegea. Nikasema ah, si kitu. Hiyo “si kitu” ilinila miezi saba.

Nikafanya kila ninachowakataza wagonjwa. Nikapumzika wiki sita kamili. Nikakandwa kwa maji ya chumvi, nikachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, nikameza diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Maumivu yakaondoka. Nikavaa viatu, nikakimbia kilomita nane kwa furaha, na kesho yake nikarudi ukutani. Mara tatu! Mganga hajigangi, ni kweli, ila wahenga hawakutuambia kwamba mganga huyo pia huona aibu kwenda kwa mwenzake.

Sasa, kwanini mapumziko hayakunisaidia? Watu wakija husema, “Dada, mshipa umenishika.” Sisi Waswahili mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni wa ngiri, ni wa kisigino, yote mshipa. Hiki ninachokisema ni kano, ile kamba nene unayoibana kwa vidole viwili juu ya kisigino. Bana hapo. Eeh, hapo hapo. Wengine nimeona mmekunja uso. Juu yake kuna kigimbi, chini yake kuna mfupa, na kila hatua ya mbio kamba hiyo hubeba mara sita hadi nane ya uzito wako. Mtu wa kilo 70, hatua moja, ni kama magunia manne ya mahindi na ushee. Halafu hesabu hatua za kilomita moja.

Kano ina damu kidogo, hasa sentimita mbili hadi sita juu ya kisigino, na ndipo wengi wetu tunapoumia. Kwa hiyo hujirekebisha taratibu. Lakini kwa mtu wa miaka 60 kosa kubwa halianzii kwenye kano, linaanzia kigimbini. Misuli hupungua tangu ukiwa kijana wa thelathini na kitu, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Kigimbi kikidhoofika, kano inabeba kazi ambayo si yake. Sasa wewe unapumzika wiki sita: kano inatulia, kigimbi kinazidi kunywea. Siku unayorudi barabarani umerudi na mguu dhaifu kuliko ule ulioumia. Maumivu yameisha, udhaifu umeongezeka. Hapo ndipo nilipokuwa najidanganya.

Nijaribu kuwaonyesha. Simameni, shikeni kiti. Mguu mmoja, goti limenyooka, panda kwa vidole, shuka. Mwenye maumivu asijaribu, abaki kuhesabu. Haya, moja... (Washiriki wanahesabu.) Nane, naona viti vinaanza kukaliwa. Kumi na mbili... Mzee wangu wa shati la bluu, goti linakunjwa hilo, hiyo haihesabiki! Haya, kaeni. Mmeona wenyewe. Mtu anashindwa kupandisha kisigino mara 15 sebuleni, na Jumapili anakwenda kukipandisha maelfu ya mara mlimani.

Dawa ya jambo hili ina kisa ninachokipenda sana. Sweden, mji wa Umeå, miaka ya 1990, kulikuwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Håkan Alfredson, naye mkimbiaji. Kano ikamuuma, akamwomba bosi wake amfanyie upasuaji. Bosi akakataa. Alfredson akakasirika akasema basi, nitaikata mwenyewe kwa mazoezi, ikikatika mtalazimika kunipasua. Akawa anasimama kwenye ngazi, anashusha kisigino kwa uzito wote, maumivu juu ya maumivu. Badala ya kukatika, kano ikapona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida, wastani wa umri miaka 44 hivi, waliofanya zoezi hilo wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Waliomfuata baadaye hawakupata matokeo mazuri namna hiyo kila mahali, hasa kwa watu wasio wanamichezo, lakini mlango ulikuwa umefunguka: kano mbovu inataka kazi, kazi iliyopimwa.

Nawaeleza nilivyofanya mimi, kwenye kizingiti cha jikoni kwangu. Unasimama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vinaning’inia. Unapanda kwa mguu usiouma. Unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, unashuka polepole, moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Tena seti tatu goti limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani ya kigimbi unaofanya kazi zaidi goti likikunjwa, nao ndio unaotubeba kwenye mbio. Asubuhi na jioni. Jumla mara 180 kwa siku. Wajukuu wakawa wananihesabia, na walikuwa wananiibia. (Kicheko.)

Hiyo ndiyo dozi ya Alfredson. Wewe mwenye miaka 65 usiianze leo jioni. Anza miguu yote miwili, sakafuni, upande na kushuka. Ukizoea, mguu mmoja. Kisha ngazi. Mimi mwezi wa pili ngazi peke yake ilikuwa haitoshi, nikachukua begi la shule la mjukuu, nikatia mchele kilo tano, nikalivaa mgongoni. Baadaye kilo kumi. Na kama maumivu yako yako chini kabisa, pale kano inapoingia kwenye mfupa, usishuke chini ya ukingo. Ishia usawa wa sakafu, la sivyo unaigandamiza kwenye mfupa.

Mtaniuliza: je, likiuma? Litauma. Jipe alama, sifuri mpaka kumi. Wakati wa zoezi, hadi tano inavumilika, lakini kesho yake asubuhi iwe imeshuka, na isiongezeke wiki hadi wiki. Asubuhi ndiyo hakimu. Nilikuwa na daftari kando ya kitanda, naandika alama ya zile hatua kumi za kwenda msalani kabla hata sijasema hodi kwa siku. Saba, sita, sita, nane (hiyo ilikuwa baada ya harusi, nilicheza), tano. Kwa wenzetu wa Göteborg, huko huko Sweden, utafiti wa 2007 ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli kama kukimbia kwa kufuata kipimo hiki hawakupona vibaya kuliko walioacha.

Wiki ya tisa nikarudi kukimbia: dakika moja mbio, mbili kutembea, mara sita, barabara tambarare. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya kazi nzito kano hubomoka zaidi kuliko inavyojijenga kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo, faida yake huja baadaye. Ukikimbia kila siku unaikuta bado iko kwenye ubomoaji. Mteremko niliurudia mwisho kabisa.

Sasa ukiwaambia waende taratibu hivyo, wazee wa Kitanzania wana jibu lao, nalo linaitwa John Stephen Akhwari. Mexico, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki, alianguka, goti likatoka mahali pake, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mgonjwa ananiambia, “Akhwari hakuacha, niache mimi?” Baba, yule alikuwa Olimpiki. Wewe unakimbia Jumamosi kwenda kunywa supu. Na Akhwari huyo huyo aliendelea baadaye, 1970 Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola alikuwa wa tano kwenye marathoni. Huwezi kufika wa tano kwa goti ambalo halikutunzwa. Hadithi hiyo nusu yake ya pili hatuisimulii.

Kabla sijasahau, vidonge. Wengi wetu mkojo ukichoma au ukiambiwa una taifodi, unakwenda duka la dawa unanunua siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Dawa hiyo na ndugu zake huweza kudhoofisha kano mpaka ikatike, na hatari ni kubwa zaidi ukiwa na zaidi ya miaka 60, au ukitumia na dawa za steroidi, zile kali za kupunguza uvimbe. Marekani tangu 2008 paketi zake zina onyo hilo. Mwambie daktari kwamba unakimbia na kisigino kinakusumbua. Na akija mtu na sindano ya steroidi aichome ndani ya kano ili uwahi mashindano, shika viatu vyako uondoke.

Ukisikia “paa!” kama umepigwa teke nyuma ya mguu, ukageuka hakuna mtu, hiyo imekatika. Usikande, usichue, hospitali siku hiyo hiyo. Kigimbi kikivimba upande mmoja na pumzi inabana, hospitali pia, huenda ni damu iliyoganda.

Maswali nitayapokea nje. Pale barazani pana ngazi tatu na ukuta wa kushika. Wale wawili wa nyuma, njooni mbele. Vueni viatu, tunaanza na ninyi.