Ndiwa, Hua, Pugi na Ninga: Ukoo Mmoja

(Mhadhara uliotolewa Lamu)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mlioacha mpira mkaja kusikiliza habari za ndege.

Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni, "Kwani njiwa ana mengi?" Anayo, mzee wangu, na uzito umo kwenye jina lenyewe, kwa sababu lina kazi mbili. Ukisema njiwa, au ndiwa kama tusemavyo Amu, yaani hapa Lamu, kila mtu anamwona yule wa kijivu wa juu ya mapaa yetu. Mtaalamu wa ndege akisema "familia ya njiwa" anakusudia ukoo mzima wenye spishi zaidi ya 300, na wengi wao hawajaona paa la nyumba maishani mwao. Kisayansi ukoo huo huitwa Columbidae. Columba ni njiwa kwa Kilatini. Hicho kimkia cha -idae ni alama ya familia, na wanyama wote wa dunia wamepachikwa hicho hicho.

Amu hapa mwajua nasaba. Mtu akijitaja kwa ukoo, swali linalofuata ni: mlango gani, yaani tawi gani la ukoo? Njiwa naye ana milango, na Kiswahili kiliipa majina zamani. Kuna hua, mwenye utepe mweusi kisogoni. Kuna pugi, mdogo, wa kahawia, mwenye madoa ya kijani yang'aayo bawani; huanza kulia pole pole, kisha sauti ikaenda mbio ikishuka mpaka ikapotea. Kuna ninga, wa rangi ya majani, mla matunda, na akiingia ndani ya mkuyu uliozaa, utasikia tu matunda yakidondoka. Wengine watakutajia na tetere. Sasa nenda kamwulize kijana wa leo: wote hao kwake ni njiwa. Nalalamika, ndiyo, nina haki ya kulalamika. Jina la ukoo limemeza majina ya wenyewe.

Msidhani hua na njiwa ni mataifa mawili. Mpaka huo ni wa mazoea ya watu: mdogo mwembamba huitwa hua, mkubwa huitwa njiwa. Sayansi haiutambui.

Basi wanajulikanaje kuwa ni ndugu? Watazameni wakinywa maji. Kuku huchota tone, akainua kichwa juu likateremka. Njiwa hutia mdomo majini akavuta moja kwa moja, kichwa chini, mpaka kiu imkatike. Ndege wengi hawawezi hilo. La pili linanishangaza zaidi: njiwa ananyonyesha, kama neno hilo linafaa. Kwenye ule mfuko wa kooni hutengenezwa kitu kizito kama jibini, chenye mafuta na protini nyingi, na makinda hulishwa hicho tu siku zao za mwanzo. Baba hukitoa sawasawa na mama. (Kina mama, nimewasikia mkicheka.)

Katika ukoo huu kuna mmoja ambaye hamtamtarajia: dodo. Sisemi embe! Nasema ndege wa kisiwa cha Mauritius, humu humu katika Bahari ya Hindi yetu, aliyepita kilo 10 na asiyeweza kuruka. Waholanzi walifika kisiwani mwaka 1598. Haikufika miaka 100 akawa ametoweka, kwa kuwindwa, na kwa nguruwe, panya na nyani walioshuka na merikebu wakala mayai yake. Kwa muda mrefu aliwekewa familia yake peke yake, maana nani angemwita njiwa dubwana lile? Mwaka 2002 vinasaba vyake vilichunguzwa, ikaonekana jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Akarudishwa kwenye ukoo wake.

Yule wa mapaani ana jina lake kamili: njiwa manga. Manga ni Arabuni, na baharia wetu alikipa jina hilo kila kilichokuja na jahazi kutoka kaskazi. Pilipili manga nayo imo, ingawa asili yake ni Malabari, India. Jina limefuata chombo, halikufuata shamba. Kwa njiwa jina limepatia, kwani mwenzake wa mwituni anaishi majabalini huko Arabuni mpaka leo, na kwingineko kaskazini. Ndiyo sababu anapenda nyumba zetu za mawe: kwake ukuta ni jabali.

Kuna swali kule nyuma. Naam, binti yangu? Anauliza: yule mweupe wa amani ni yupi?

Ni njiwa manga huyo huyo, mwanangu, aliyechaguliwa rangi na wafugaji kizazi baada ya kizazi. Habari yake inaanzia kwenye safina ya Nuhu. Picha inayosambazwa duniani ilipata nguvu mwaka 1949, mchoro wa Picasso, msanii Mhispania, ulipotumiwa kwenye tangazo la kongamano la amani mjini Paris. Mwaka huo huo alipata mtoto wa kike, akamwita Paloma, ambalo kwa Kihispania ni njiwa. Na ukimwachia huyo mweupe hapo uwanja wa Mkunguni, binti yangu, mwewe atamwona kabla ya wenzake wa kijivu.