Stripu ya moyo haisomwi kwa kukariri picha

Mwangaluka jamani, karibuni, mliokaa nyuma sogeeni huku mbele maana stripu zenyewe, hivi vipande vya karatasi vyenye mchoro wa umeme wa moyo, ni ndogo na projekta leo imegoma.

Najua mnachoogopa. Umetoka chuo juzi tu, umepangiwa wodi yenye monita, kitu kinalia pii pii pii na ndugu wa mgonjwa wote wanakugeukia wewe. Ndio maana wengi mnakimbilia kukariri picha, hii takikadia ya ventrikula (chemba za chini za moyo zinakwenda mbio), hii fibrileshoni ya atria (chemba za juu zinatetemeka ovyo), unajaza picha 30 kichwani halafu mgonjwa wa kwanza anakuletea ya 31.

Mi nasema achaneni na picha, shika karatasi. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwahiyo kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na boksi kubwa, lile lenye vidogo vitano ubavuni, ni 0.20. Ukishika hapo, yaliyobaki ni hesabu za shule ya msingi. Boksi kubwa 30 ni sekunde 6, hesabu R zilizomo, yaani vile vilele virefu vilivyochongoka, zidisha mara 10, hayo ndo mapigo kwa dakika. Mdundo ukiwa umenyooka unaweza ukachukua 300 ukagawa kwa boksi kubwa zilizopo kati ya R na R, boksi 4 ni 75, ila mdundo ukiwa ovyo ovyo hiyo ya 300 iache kabisa itakudanganya.

Alafu unauliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata kama jibu unaliona toka mlangoni. Mdundo umenyooka? P ipo? Kila P ina QRS yake? PR, toka P inapoanza mpaka QRS inapoanza, iko kati ya sekunde 0.12 na 0.20? QRS ni nyembamba au imefika 0.12 na kuendelea? Basi. P ni umeme wa chemba za juu, QRS wa chemba za chini, T ni hizo za chini zinajiandaa upya. Kwa nini tunaanzia P na sio A muulizeni Einthoven, yule Mholanzi wa Nobeli ya 1924, herufi alizipanga yeye.

Swali la P ndo watu wanaliruka, na ndo lenye utamu. Chukua kipande cha karatasi, ukingo wake uweke juu ya stripu, tia alama ya peni kwenye P mbili zinazofuatana, kisha isogeze taratibu kwenda mbele. Alama zinaangukia P nyingine, na nyingine, na nyingine, ghafla moja inaangukia juu ya T na ukiangalia vizuri ile T ina kinundu ambacho wenzake hawana, P imejificha humo! Sasa fanya hivohivo kwa R. Kama P zinakwenda kwa mwendo wake na R kwa mwendo wake, polepole zaidi, na hazijuani kabisa, hiyo ni bloku kamili, umeme wa juu haufiki chini, muite daktari sasa hivi usisubiri raundi ya asubuhi.

Kama P haipo kabisa, mstari unatetemeka tu na R zinakuja bila mpangilio wowote, fikiria fibrileshoni ya atria. Huku kwetu mtaikuta kwa kina mama bado vijana kabisa, valvu zimeharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayofuata maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Hao usihesabu mapigo ya mkononi peke yake, kuna mapigo hayafiki mkononi, weka stetoskopu kifuani uhesabu dakika nzima.

Na namba ya monita isikutishe. Mgonjwa wa figo potasiamu imepanda, T inachongoka juu mpaka mashine inaihesabu kama R, inasoma 140 wakati mkononi ni 70. Tatizo hapo sio mapigo, ni ile T, na ni la haraka.

Au bibi wa watu kaletwa kutoka Ukerewe, anatetemeka kwa homa, mkono mmoja anakuna elektrodi, kwenye skrini vurugu tupu kama fibrileshoni ya ventrikula, ile chemba za chini zinatetemeka tu bila kusukuma damu. Kabla hujakimbilia mashine ya shoti, shikamoo bibi. Akikujibu marahaba mjukuu wangu, chai inakuja saa ngapi, basi bandika elektrodi vizuri uendelee na kazi. Asipojibu, hapumui kawaida, pigo hulisikii, piga kelele upate watu na anza kukandamiza kifua, 100 mpaka 120 kwa dakika. Mstari ukilala flati ni hivohivo, mtu kwanza, waya baadaye. Na takikadia ya ventrikula inaweza kuwa na pigo au isiwe nalo, karatasi haitakwambia, vidole vyako ndo vitakwambia.

Haya, gaweni hizo stripu, kila wawili moja na kipande cha karatasi. Jina la mdundo msinitajie kwanza, niambieni P ziko ngapi.