Kiti na Sauti: Burundi Ilivyojaribu Kuwalinda Walio Wachache

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie haki za walio wachache, na jinsi jamii mbili zilizomwaga damu ya wenzao zinavyoweza kushika dola pamoja. Mada hiyo ingeweza kutuzungusha dunia nzima. Mimi nimeamua kubaki Burundi, kwa Wahutu walio wengi na Watutsi walio wachache. Mkataba wao wa amani ulisainiwa hapa kwetu Arusha, Mwalimu Nyerere aliufanyia kazi hadi anafariki Oktoba 1999, na waliokimbia mauaji ya 1972 walikuja kulima katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni habari ya jirani tunayepakana naye ukuta.

Naanza na usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993, Bujumbura. Melchior Ndadaye ana miezi mitatu tu madarakani. Ni Mhutu wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo, amechaguliwa Juni kwa karibu asilimia 65 ya kura, na chama chake, FRODEBU, kina viti 65 kati ya 81 bungeni. Magari ya deraya yanaizingira ikulu. Kunapokucha anapelekwa kambi ya Muha, na humo kambini anauawa na askari wa jeshi lake mwenyewe. Siku hiyohiyo anauawa Spika, Pontien Karibwami, na Naibu Spika, Gilles Bimazubute. Hao hawakuuawa kwa bahati mbaya. Katiba ilisema rais akifa Spika ndiye anayeshika nafasi yake. Wauaji walikuwa wameisoma katiba, wakaufuata mstari wa urithi jina kwa jina. Na Bimazubute, kwa taarifa yenu, alikuwa Mtutsi.

Yaliyofuata mnayajua. Vijijini Watutsi wakachinjwa kulipiza kisasi cha rais, jeshi likaingia vijijini kulipiza kisasi cha Watutsi, na vita iliyowaka hapo ikala watu wanaokadiriwa kufikia 300,000.

Sasa nataka tutulie kidogo kwa Ndadaye, maana hakuwa mshindi mlafi. Waziri Mkuu aliyemteua alikuwa Mtutsi, mwanamke, tena wa chama pinzani cha UPRONA: Sylvie Kinigi. Sehemu ya Watutsi katika baraza la mawaziri ilikuwa kubwa kuliko sehemu yao katika nchi. Alitoa. Lakini alichotoa kilikuwa hiari yake, na kesho rais mwingine angeweza kukirudisha mfukoni. Mtu mwenye hofu halali usingizi kwa kutegemea wema wa jirani. Anataka kufuli, na ufunguo mmoja akae nao yeye.

Hofu yenyewe ilikuwa pande zote mbili, na hapa ndipo wengi wanaposema "walio wachache" wanapoteleza. Kwa makadirio yaliyozoeleka tangu enzi za Wabelgiji, Wahutu ni asilimia 85, Watutsi 14, Watwa 1. Wanaongea lugha moja, Kirundi, wanakaa kilima kimoja. Ila waliokuwa wachache ndio waliokuwa na bunduki. Mwaka 1972 dola ilikwenda shule kwa shule na ofisi kwa ofisi ikiwakamata Wahutu waliosoma, na makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wanauita Ikiza, yaani janga. Kwa hiyo Mtutsi aliogopa sanduku la kura, Mhutu aliogopa kambi ya jeshi, na kila mmoja alikuwa na makaburi ya kuonyesha.

Niongeze pia kwamba "Watutsi" hawakutawala. Micombero, Bagaza na Buyoya, marais watatu waliofuatana kuanzia 1966 hadi 1993, wote walitoka tarafa moja, Rutovu, mkoani Bururi. Mtutsi maskini wa Muyinga hakuonja chochote, lakini ilipofika siku ya kisasi alihesabiwa kama wao. Tukumbuke hilo kila tunaposikia kabila fulani "linakula".

Basi Arusha walifanya nini? Mazungumzo yalianza Juni 1998. Baada ya Mwalimu kufariki, Nelson Mandela akapokea usuluhishi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukasainiwa. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilikataa kusaini siku hiyo, vikasaini wiki chache baadaye, na makundi makubwa mawili ya waasi hayakuwamo kabisa. Kwa hiyo vita haikuisha. Ilichukua miaka mingine mitatu CNDD-FDD kuingia, na FNL walichelewa zaidi. Lakini msingi uliwekwa, na katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005 ikaujenga juu yake.

Katiba hiyo ilisema hivi. Bungeni, Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa watatu. Serikalini, Wahutu wasizidi 60 na Watutsi wasizidi 40. Seneti nusu kwa nusu, pamoja na Watwa watatu. Jeshi na polisi, kabila lolote lisizidi nusu. Makamu wa rais wawili, wa makabila tofauti na vyama tofauti. Waziri wa ulinzi na waziri anayesimamia polisi wasiwe wa kabila moja. Na muswada wa sheria ukitaka kupita bungeni, upate theluthi mbili. Hiyo theluthi mbili naomba muishike, nitairudia.

Kilichonivutia mimi zaidi ya asilimia zote ni kitu kidogo, karatasi ya orodha ya wagombea. Warundi hawapigii mtu kura ya ubunge, wanapigia orodha ya chama. Katiba ikaamuru kwamba katika kila majina matatu yanayofuatana, yasizidi mawili ya kabila moja. Sasa mfikirie mkulima Mhutu wa Ngozi, mwaka 2005, ameshika karatasi yake. Jina la kwanza Mhutu, la pili Mtutsi, la tatu Mhutu. Hana njia ya kumchagua wa kwanza akamruka wa pili. Akitaka chama chake kishinde, mkono wake unamwingiza Mtutsi bungeni. Na Mtutsi yule, ili aingie, anahitaji kura ya mkulima wa Ngozi.

Linganisheni na Saiprasi ya 1960. Nao walikuwa na jamii mbili, Wagiriki na Waturuki, na katiba yenye hesabu nzuri kabisa: viti 35 kwa 15 bungeni, rais Mgiriki, makamu Mturuki mwenye kura ya turufu, utumishi wa umma 70 kwa 30. Lakini Wagiriki walichagua Wagiriki, Waturuki wakachagua Waturuki. Hakuna mwanasiasa aliyehitaji hata kura moja ya upande wa pili, kwa hiyo hakuna aliyepata faida kwa kusema neno la upole kuwahusu. Sheria za kodi zilihitaji wingi wa kila upande, zikakwama. Novemba 1963 Rais Makarios akapendekeza mabadiliko 13 ya katiba, Desemba watu wakaanza kuuana. Miaka mitatu na miezi kadhaa tu.

Kuna jambo la tarehe 30 Aprili 1997 ambalo siwezi kulipita. Katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, waasi waliingia alfajiri bwenini, wakawaambia vijana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakabaki pamoja, wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, wakafa 40. Siwezi kusema walioandika katiba walikuwa wanawawaza wao. Ila kila ninapoiangalia ile orodha ya majina matatu matatu, nawaona wale vijana. Saiprasi iliwaambia watu wake: jitengeni, kila mmoja apewe chake. Burundi ilikataa kuwatenga hata kwenye karatasi ya kura.

Je, ilifanya kazi? Jeshini, ndiyo, kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Waliokuwa waasi na waliokuwa wakiwawinda wakavaa sare moja, na tangu mwisho wa 2007 wakawa wanalinda zamu pamoja Mogadishu, Somalia, katika kulinda amani. Mwaka 2015, Rais Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu na nchi ikatikisika, aliyetangaza mapinduzi alikuwa Jenerali Niyombare, Mhutu, mwenzake wa msituni. Damu ilimwagika, watu zaidi ya 400,000 wakakimbia nchi, na wengi wao wakaja tena kwetu Kigoma. Lakini waliogombana walikuwa wamechanganyika pande zote. Wako waliojaribu kuchochea ukabila, na moto haukushika. Kwa nchi yenye 1972 na 1993 mgongoni, naliona hilo kuwa jambo kubwa sana.

Sasa nirudi kwenye theluthi mbili, ambako ndiko ninakotaka kugombana na baadhi yenu.

Mwaka 2004 UPRONA na vyama vingine vya Watutsi vilikataa mpango huu wa asilimia na orodha. Hoja yao: Mtutsi aliyewekwa kwenye orodha na chama chenye Wahutu wengi atakitii chama, hatawasemea Watutsi. Ni hoja nzito. Chama ndicho kilichompa nafasi, chama ndicho kitakachomwondoa. Jibu la katiba lilikuwa hiyo theluthi mbili. Kwamba hata kama Watutsi wa chama tawala wamekuwa waitikiaji, chama hicho hakitapitisha sheria peke yake.

Tupige hesabu. Bunge la 2005 lilikuwa na watu 118. CNDD-FDD, wale waasi wa zamani ambao sasa ndio chama tawala, kilikuwa na 64. Theluthi mbili ni 79. Upungufu ni 15, na UPRONA, chama chenye mizizi ya Watutsi, kilikuwa na wabunge 15 kamili! Kwa hiyo ilibidi watawala wainuke, waende kuzungumza, ama na UPRONA ama na FRODEBU. Kulikuwa na kero nyingi. Mwaka 2007 chama tawala kilipogawanyika, bunge lilikwama, hadi Juni 2008 wabunge 22 wakavuliwa ubunge ili mambo yaende. Najua kuna wanaosema hiyo ndiyo kasoro ya kura ya turufu. Mimi nasema kukwama kule kulikuwa bei ya mazungumzo, na ubaya ulikuwa katika namna walivyokwamuka.

Mwaka 2010 wapinzani wengi wakasusia uchaguzi. CNDD-FDD ikapata 81 kati ya 106. Theluthi mbili ikawa 71 tu. Watutsi bungeni bado ni asilimia 40, viti viko palepale, wanawake wapo, Watwa wapo. Ila hakukuwa tena na ulazima wa kumbembeleza mtu. Hata hivyo, Machi 2014 ulipoletwa muswada wa kubadili katiba, uliohitaji asilimia 80, yaani kura 85, ulipata 84. Kura moja! Nchi nzima ilisimama juu ya mbunge mmoja asiyekubali.

Kisha ikaja katiba ya 2018. Watu wanaisifu kwa kubakiza 60 kwa 40, na kweli imebakiza. Lakini imeondoa makamu wawili ikaweka mmoja, na sheria za kawaida sasa zinapita kwa zaidi ya nusu ya kura tu. Viti wameviacha, sauti wameichukua. Na kwa kuwa viti ndivyo vinavyoonekana kwenye picha, wengi hatukushtuka.

Watwa wanalijua hili kuliko sote. Pale Arusha vyama vilikuwa 17, hakuna hata kimoja cha Watwa. Walipewa watatu bungeni na watatu Seneti, wanaoongezwa kwa uteuzi baada ya uchaguzi, bila kura ya Mtwa yeyote wa kilimani. Ni jamii ya wafinyanzi na wawindaji, ambayo sehemu kubwa haina ardhi, katika nchi ambayo ardhi ndiyo uhai. Ilifika 2020 ndipo akapatikana waziri wa kwanza Mtwa, Imelde Sabushimike. Namheshimu mama yule. Lakini watu watatu kati ya zaidi ya mia hawazuii muswada wa ardhi, hata wakesha wakizungumza. Makubaliano ya wakubwa wawili huwa yanamsahau wa tatu, na tukiwa wakweli, hata mhadhara huu nimeupanga kwa wawili.

Katiba hiyohiyo ya 2018, ibara ya 289, iliipa Seneti miaka mitano kupima kama mfumo wa asilimia za makabila uendelee au ufutwe. Wapo Warundi, hasa vijana, wanaouliza hadi lini mtu ataandikwa Mhutu au Mtutsi ili apate kazi ya polisi. Swali lao ni la haki na silidharau. Ningependa siku moja liwe limepitwa na wakati lenyewe. Ila mimi ningeanza kupima upande mwingine. Kabla ya kuuliza kama Mtutsi bado anahitaji kiti chake, ningeuliza ni mara ngapi tangu 2018 chama tawala kimelazimika kubadilisha sheria kwa sababu mbunge asiye wake amekataa. Ningerudisha theluthi mbili, walau kwa sheria za ardhi, uchaguzi na vyombo vya ulinzi. Ningewaacha Watwa wawachague wale watatu wao wenyewe. Baada ya hapo, miaka kumi ikipita bila mtu kukimbilia Kigoma usiku na godoro kichwani, ndipo ningekubali tukae tuzungumze kufuta asilimia.

Mimi nimemaliza yangu. Karibuni kwa maswali, na Warundi mlioko humu ukumbini naomba mtangulie.